Lampi ya Mzee na redio ya usiku katika parseli yetu

Leo sileti habari za barabara wala bei ya maharagwe. Watu wa avenyu yetu wameniuliza mara nyingi ni kitu gani kile kinachowaka rangi ya chungwa dirishani kwetu kila usiku, hata umeme ukiwa umekatika Goma nzima. Mtoto mmoja alienda kusema kwao kwamba tunafuga moto ndani ya chupa. Mama yake akaja kuuliza kama ni dawa. Si dawa. Ni lampi ya redio ya zamani, na mwenyewe ni mzee mmoja aliyetoka upande wa Masisi.

Alifika kwetu mwezi wa pili 2024, wakati watu walipomiminika kutoka Sake. Kambi zilikuwa zimejaa, na wengi wao walipokelewa na familia za mjini. Sisi tulipokea watu sita. Tukawa kumi na saba katika parseli moja, nyumba ya vyumba vitatu juu ya makoro. Mzee alikuja na mke wake, ambaye sisi sote tunamwita Mama, na wajukuu wanne. Binti yao mkubwa na watoto wake wawili walipotezana nao palepale Sake, siku ya mbio. Wengine walikimbilia Goma, wengine wakateremka kuelekea Minova. Hapo ndipo familia nyingi zilikatika vipande viwili, na nyinyi mnaosoma mnajua ninasema nini.

Mama alibeba sufuria, blanketi na mjukuu mdogo mgongoni. Mzee alibeba begi la shule. Usiku wa kwanza Mama alilifungua mbele yetu sote akitafuta chumvi, akakuta vitu vya vioo vimefungwa ndani ya soksi. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema: “Sufuria kubwa imebaki nyuma, mwanaume amebeba vioo.” Mzee hakujibu. Alizichukua lampi zake moja moja, akazitazama kwenye mwanga wa simu kama hazikupasuka, akazirudisha.

Alikuwa fundi wa redio tangu ujana. Siku za soko alitandika meza, watu wakamletea redio zilizokufa kutoka milimani. Alianza kazi wakati bado kulikuwa na redio kubwa za mbao, zile za lampi, ambazo Wabelgiji na mapadri waliziacha. Zilipoisha akaendelea na redio za transista, baadaye simu. Lakini lampi alizihifadhi. Alikuwa nazo tano: mbili za EL84, moja ya EZ80, na mbili za ECC82 ambazo alizitoa katika chombo cha sauti cha kanisa kabla hakijauzwa kama chuma chakavu.

Kwa vijana ambao hawajawahi kuiona: lampi ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa yote. Ndani kuna uzi unaopashwa moto kwa umeme kama wa balbu. Uzi huo unapasha bomba dogo la chuma, nalo likiwa la moto linatoa chembe za umeme zinazoruka hadi kwenye bati lingine lililo pembeni. Katikati kuna wavu wa nyaya nyembamba sana. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza lampi ya kwanza isiyo na wavu mwaka 1904, na miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akaongeza ule wavu. Wavu ndio wenye kazi yote. Mzee aliueleza kwa wajukuu kwa mfano wa barieri: malori makubwa yanasimama kwa sababu ya kamba moja, na mtu anayeishika kamba anatumia vidole viwili tu. Akiinua kidogo, yanapita machache. Akiinua sana, yanapita yote. Sauti hafifu ya redio ndiyo vidole, na umeme wa batri ndio malori. Kwa hiyo sauti ndogo inatokea upande wa pili ikiwa kubwa, na umbo lake ni lilelile.

Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, inafanya kazi hiyohiyo ndani ya kipande kidogo kuliko punje ya mchele, bila kuungua moto. Ndiyo maana lampi zilikufa. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani nauza uchawi. Ukitaka tu kuongeza sauti ya kaske, nenda Birere, nunua kile kisahani kidogo chenye chipu moja, utalipa bei ya sahani ya wali na utakuwa na sauti. Sisi tulikuwa na sababu nyingine.

Sababu ya kwanza ni sikio la Mzee. Bomu lilianguka karibu na nyumba yao, na tangu hapo sikio la kushoto halisikii kitu. La kulia linasikia kama mtu aliye ndani ya maji. Muuguzi aliyemtazama alisema ngozi ya ndani ya sikio imepasuka upande mmoja, na akamwambia arudi. Sababu ya pili ni redio yenyewe. Kila jioni redio za hapa husoma majina: watoto waliopatikana, wazazi wanaotafutwa, mtu fulani wa kijiji fulani anawajulisha wake kwamba yuko mahali fulani. Kwa familia ya namna hii hakuna habari ya serikali wala ya mpira inayolingana na hiyo. Lakini saa ile watoto tisa wamelala chumba kimoja, jirani wa upande wa pili ana mgonjwa, na redio yetu ndogo ikiongezwa sauti hadi Mzee asikie inakoroma mpaka maneno hayatambuliki, tena inakula pile. Mama alikuwa anasikiliza, halafu anamrudia Mzee sikioni kwa kelele. Siku moja walikosa majina matatu yaliyofuatana kwa sababu Mama alikuwa bado anarudia la kwanza. Waligombana usiku ule. Sikuwahi kuwasikia wakigombana hata kwa sababu ya njaa.

Nilikuwa na kaske mbili za kazini, za kusikilizia mahojiano. Nikamwambia Mzee: “Papa, tutengeneze kitu cha kusukuma hizi kaske mbili, yako na ya Mama, kila mtu na sauti yake.” Aliniuliza kama nina lampi. Nikamwambia wewe ndiye unazo. Akacheka, mara ya kwanza tangu afike.

Tulianza kwa kubishana, siku tatu. Yeye alitaka EL84 na transfoma, kama zamani, kwa sababu hiyo ndiyo lampi ya nguvu. Mimi nilikataa. EL84 inafanya kazi yake kwa volti 250. Volti 250 za umeme wa namna ile zinaua mtu mzima, na kondansateri za ndani zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Sisi tuna watoto tisa wenye vidole vya kuchunguza. Tena umeme wenyewe unakuja na kwenda. Nilimwonyesha mchoro ambao mafundi wa nyumbani wa nchi nyingi wameujenga: ECC82 moja kwa volti 12 tu, ikifuatwa na transista ya nguvu. Lampi inakuza sauti, transista inaisukuma hadi kwenye kaske. Mzee aliutazama kwa muda mrefu, akasema hiyo ni ndoa ya babu na mjukuu. Lakini aliufuata mchoro kwa kidole, na alipofika kwenye miguu ya 4 na ya 5 ya lampi alinyamaza. Uzi wa ECC82, ukiuunganisha kwenye miguu hiyo miwili, unataka volti 12.6 na miliamperi 150. Hiyo ni batri ya moto. Haihitaji transfoma, haihitaji kitu. Akaniambia: “Miaka yote hii nimeshika hii lampi, sikuwahi kuiomba volti 12.”

Wazo lililofuata ni lake, na ndilo ninalolipenda zaidi. ECC82 ina lampi mbili ndani ya chupa moja. Ndiyo maana ya zile C mbili katika jina lake. Katika michoro yote, nusu moja ni ya sikio la kushoto na nusu ya pili ni ya kulia, kwa ajili ya muziki. Mzee akasema redio yetu ina kipaza sauti kimoja na msomaji wa majina ana mdomo mmoja, sisi hatuhitaji kushoto na kulia. Nusu moja iwe ya kwake, nusu moja ya Mama, kila nusu na kitufe chake cha sauti. Mume na mke ndani ya chupa moja, wakisikia jina lilelile kwa wakati mmoja, yeye kwa nguvu, Mama taratibu.

Kutafuta vipande kulichukua wiki mbili. Transista za nguvu tulizitoa katika konvertisa iliyoungua: zilikuwa nane za IRFZ44, nne zimekufa, nne nzima. Michoro mingi inataka IRF510, ambayo ni nyepesi zaidi kwa lampi kuisukuma, lakini kwa sauti ya mtu anayesema tofauti haiumizi. LM317 mbili nilinunua Birere pamoja na rezistansi. Kila LM317 ikiwekewa rezistansi ya omu 10 inashikilia miliamperi 125 bila kupanda wala kushuka, na transista inapata chakula kisichobadilika. Kondansateri za kutokea zina mikrofaradi 1000 kila moja. Kazi yake ni kuzuia umeme wa batri usiingie kwenye kaske, na kuruhusu sauti tu ipite. Usijaribu kuziacha. Bila hizo kaske yako itaungua mara moja.

Kisanduku ni kopo la mafuta ya msaada, la lita nne, lililonyooshwa kwa nyundo. Mjukuu mkubwa alitoboa matundu kwa msumari na jiwe la koro. Vipozajoto tulikata kutoka kwenye sufuria ya alminiamu iliyotoboka. Hapa fundi mgeni aangalie: mgongo wa chuma wa IRFZ44 umeungana na umeme wa batri, na kopo lote tumeliunganisha na upande wa kutoa. Mgongo ukigusa bati, ni cheche. Tukaweka vipande vya mika tulivyovitoa katika pasi ya zamani.

Kulehemu alifanya Mzee peke yake. Chuma cha kulehemu cha umeme tulikuwa nacho, lakini umeme hatukuwa nao, basi alipasha chuma kinene juu ya mbabula, akasafisha ncha kwenye kitambaa chenye maji, akagusa, akaondoa. Mkono wake unatetemeka akishika kikombe. Akishika chuma cha kulehemu hautetemeki. Watoto tuliwafukuza kwa sababu waya huo una risasi ndani na moshi wake si wa kuvuta, na mbabula hiyo hatukuipikia tena hadi ilipooshwa.

Niseme kidogo juu ya waya huo. Ule wa kawaida ni sehemu 60 za bati na 40 za risasi. Bati linatokana na kasiteriti, ambayo watu wa Walikale wanaichimba na kuishusha kwa mgongo. Shaba ya nyaya ni jambo la ndugu zetu wa Kolwezi na Likasi. Na Mzee aliponiona nikifungua simu mbovu kutafuta vipande, alinyooshea kidole kondansateri ndogo za njano zilizomo, zile za tantalamu. Alitoka si mbali na Rubaya. Akasema: “Hii ni kilima cha kwetu. Imeenda, imerudi, na mimi niko hapa.” Kisha akaniomba nimpe bisibisi.

Tulipowasha mara ya kwanza, uzi ulichukua karibu nusu dakika kupata rangi. Mzee alikataza mtu yeyote kuvaa kaske kabla ya hapo, kwa sababu lampi ikiwa inaamka umeme wake unayumba na kaske inapiga kishindo kinachoumiza. Tulipima kwa multimeta: tulibadilisha rezistansi mpaka bati la lampi likasimama kati ya volti 8 na 9, na transista ikapata karibu 5. Halafu Mama akavaa. Akasema anasikia nzi.

Ilikuwa kweli. Tit-tit-tit, halafu kimya, halafu tena. Mzee alishuku lampi, akaigonga kwa kucha, ikalia kama kengele ndani ya kaske. Lampi zina tabia hiyo, zinasikia mtikisiko. Lakini nzi haikuwa hiyo. Ilikuwa simu yangu juu ya meza ikiongea na antena. Wavu wa lampi ni sikio kali, unashika hata kile usichokitaka. Tulifunika kopo kwa kifuniko chake, tukaacha matundu ya joto tu, tukafunga waya wa kuingilia ndani ya mfuko wa nyaya zilizosukwa, na simu zote sasa zinalala chumba cha pili saa ya redio. Mlio mzito ambao watu wengi wanaulalamikia katika vyombo vya lampi sisi hatukuupata kabisa, kwa sababu batri haina mawimbi ya umeme wa ukutani.

Chombo chote kinakula karibu miliamperi 400: 150 za uzi, na 125 mara mbili. Batri yetu ni ya amperi 7 kwa saa, na hatupendi kuishusha chini ya nusu, basi tuna saa nane hivi. Majina yanasomwa kwa nusu saa. Pano ya sola ya jirani inaijaza mchana. Ila usisikilize wakati inajazwa, maana volti zinapanda hadi 14 na zaidi, na uzi wa lampi haupendi. Gharama yangu ilikuwa dola 23, kubwa ikiwa batri. Lampi hazikuwa na bei.

Je, sauti ni tamu kama wanavyosema wapenzi wa lampi? Mzee anasema ndiyo, anasema sauti ina mwili. Mimi nasikia sauti safi ya mtu anayesoma majina, sina zaidi. Kitu kimoja tulikubaliana: tuliweka rezistansi kabla ya kaske ya Mzee ili hata akifungua kitufe hadi mwisho isivuke mpaka, kwa sababu sikio lililojeruhiwa linaomba zaidi kila siku, na ukilipa kila linachoomba unaliua. Alinuna. Chombo hiki si kifaa cha wasiosikia na hakiponyi ngozi iliyopasuka. Kama una mtu nyumbani aliyepoteza sikio kwa bomu, mpeleke kwanza kwa muuguzi, hasa kama sikio linatoa maji.

Usiku wa tisa tangu tuwashe, msomaji alitaja mwanamke wa kijiji chao, yuko Minova, anawajulisha ndugu zake walio Goma kwamba yuko hai. Mama alimshika Mzee mkono, akafungua mdomo ili amrudie, Mzee akainua kidole: alikuwa amesikia. Alilitamka jina lile mwenyewe, na la baba wa yule mwanamke. Sikuwahi kumwona Mama akimtazama vile. Kesho yake tulitafuta njia. Simu tatu, mfanyabiashara mmoja wa boti za ziwani, siku sita. Jibu lilirudi kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu, yenye upepo na injini. Yule mwanamke alisema alimwona binti yao sokoni Minova, na watoto wote wawili, wiki ya pili baada ya mbio. Baadaye walisikia kwamba aliendelea na wengine kuelekea Kalehe.

Rekodi hiyo tuliipitisha kwenye lampi. Mzee aliisikiliza peke yake, kaske ya Mama ikiwa juu ya meza, halafu Mama, halafu wote wawili. Nilipolala bado walikuwa wanarudia pale anapotaja watoto. Tangazo lao sasa limepelekwa kwa redio za upande ule wa ziwa, na wenyewe wanaendelea kusikiliza kila jioni. Mpaka ninapoandika, jina la binti halijasomwa.

Majirani wawili wameomba chombo chao. Mmoja ni mjane wa kambi ambaye ana mama asiyesikia. Mzee ana ECC82 moja iliyobaki na amekubali kumjengea huyo, bila malipo, ila anataka batri iwe ya mwenyewe. Kinachokosekana ni kiti cha lampi, kile cha miguu tisa, cha porselini au cha plastiki nyeusi. Kinaweza kupatikana katika redio ya zamani ya mbao, hata iliyoliwa na panya. Kama unayo darini, usiitupe motoni. Niandikie hapa, au ipe motari yeyote anayeijua parseli yenye taa ya chungwa dirishani, Mzee ataifungua mwenyewe na kukurudishia mbao zako.